Paneli ya sola Goma: nunua kwa ampea na rula, usinunue kwa volti

Ukitafuta paneli Birere, mtaa wa biashara wa Goma, muuzaji ataielekeza juani, atie multimeta (kipima umeme) na kukuonyesha volti 21. Kipimo hicho hakikuhakikishii ukubwa wake. Volti huzaliwa ndani ya silikoni, pale tabaka zake mbili zinapokutana, na kila seli hutoa karibu 0.6 hata jua likiwa hafifu. Seli 36 zikiungwa mfululizo zinafika 21, paneli iwe ya wati 20 au 150. Russell Ohl wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, aliona hivyo mwaka 1940: alipomulika taa kwenye kipande cha silikoni chenye ufa, volti ilipanda. Kinachokua pamoja na jua na upana wa seli ni ampea.

Kwa hiyo nenda na rula. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha mara 200, yaani wati za kila mita ya mraba. Paneli ya mita 1 kwa 0.54 haiwezi kupita sana wati 108, hata lebo ikisema 200. Halafu hamisha waya nyekundu ya multimeta kwenye tundu la 10A, gusa chanya na hasi za paneli, saa sita mchana anga likiwa wazi. Wati 100 za kweli hutoa karibu ampea 6. Ukiona 3, unauziwa nusu. Usijaribu hivyo kamwe kwenye batri, itakuunguza.

Sasa chagua kati ya aina nne. Kwa nyumba ya taa, simu na televisheni ndogo, ya kwanza ni mono (seli za fuwele moja ya silikoni) ya seli 36, wati 100 hadi 150. Inafaa batri ya volti 12 na regulata ya kawaida (PWM), kifaa kinachodhibiti chaji ya batri, maana inafanya kazi kwenye volti 18 hivi.

Ya pili ni mono kubwa, wati 400 na zaidi. Kwa saluni au duka lenye friji, hii ndiyo ya kuchagua kwanza, ila lazima uwe na regulata ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Hapa watu wengi hupoteza pesa: paneli ya wati 300 inayotoa volti 32 na ampea 9.4, ukiiweka kwenye PWM na batri ya 12, ampea zinabaki zilezile, volti zinashuka hadi 13. Unapata wati 122 tu. Hata paneli nzuri huanza na hasara ya asilimia 1 hadi 3 ikishaonja jua siku za mwanzo. Silikoni ya aina ya N (iliyotiwa fosforasi) karibu haina tatizo hilo.

Ya tatu, poli (seli za fuwele nyingi), ile ya buluu. Gawanya bei kwa wati, uilinganishe na mono. Usipookoa kitu cha maana, iache.

Ya mwisho ni amofasi, kioo cheusi au cha kahawia kisicho na seli zinazoonekana. Jua lenyewe huipunguza asilimia 10 hadi 30 miezi ya kwanza. Usiinunue kwa nyumba.

Ukiifunga, iinamishe digrii 10 ili mvua iioshe, na isiguswe na kivuli: seli moja ikifunikwa na jani, hubana umeme wa safu yake nzima. Vumbi jeusi la lava lioshe asubuhi kioo kikiwa baridi, kwa maji mengi kwanza, bila kusugua, kwa sababu chembe zake zina ncha na hukwaruza kioo.