Fimbo ya gololi Renishaw QC20-W: inachokiona kwenye mashine ya CNC na kisichokiona

Mashine ya CNC (inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) ikianza kuchonga mashimo yenye umbo la yai, hiki ndicho kifaa cha kwanza cha kununua, kabla hata ya kufikiria kipimio cha leza. Ni fimbo yenye gololi kila mwisho na kihisi ndani kinachosoma mabadiliko ya urefu hadi sehemu ya kumi ya mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Gololi moja hukaa kwenye kikombe cha sumaku mezani, ya pili kwenye kikombe kilichoshikwa na spindeli, yaani shafti inayozungusha zana. Mashine huzunguka duara kufuata saa, kisha kinyume chake. Duara likiwa kamili urefu haubadiliki. Likiwa na kasoro, grafu huonyesha iko wapi. Kwa kuwa haina waya, hupima pia tao la nyuzi 220 kwenye bapa za XZ na YZ (X, Y na Z ni mihimili, yaani njia za mwendo za mashine) bila kuhamisha kitovu, na hapo imeipita mbali QC10 iliyoitangulia.

Kuifunga ni rahisi, ila haivumilii uchafu. Chembe moja ya chuma kikombeni hutoa mruko unaofanana kabisa na ubovu wa mashine, hivyo futa vikombe na gololi kila unapofunga upya. Endesha programu kwanza bila fimbo: kihisi kinapima takriban milimita 1 tu kila upande, na hesabu ikikosewa fimbo itang'oka kwenye sumaku kabla hujakifikia kitufe cha dharura. Spindeli ifungwe isizunguke. Fimbo isikae mkononi, kwani joto la kiganja hurefusha metali; chuma cha milimita 150 huongezeka karibu mikroni 1.7 kwa kila nyuzi moja.

Thamani yake iko kwenye kusoma grafu. Ukiona ngazi pale mhimili unapogeuza mwendo, ni ulegevu. Ukiona mwiba mfupi mahali hapo hapo, ni msuguano unaoshika mhimili kabla haujaanza kurudi. Yai lililoinama nyuzi 45 ndilo huwapotosha wengi, kwa sababu lina vyanzo viwili. Likibaki limeinama upande uleule katika mizunguko yote miwili, mihimili haiko pembe mraba. Likigeukia upande wa pili unapobadili mwelekeo, servo (mota zinazoendesha mihimili) za mihimili miwili haziendi pamoja. Ongeza kasi na yai litazidi kurefuka. Mawimbi yenye nafasi sawa na hatua ya skrubu inayosukuma mhimili yanaelekeza kwenye skrubu yenyewe au kwenye kipimio chake.

Chagua urefu wa fimbo kwa kusudi. Kosa la pembe mraba la mikroni 20 kwa mita huonekana kama tofauti ya mikroni 3 tu kwenye duara la nusu kipenyo milimita 150, kwa hiyo kwa jiometri tumia fimbo ndefu. Kwa servo na miiba tumia fupi, maana kwa kasi ileile duara dogo huitikisa mihimili zaidi.

Programu yake hupanga makosa kwa asilimia, na hapa panahitaji tahadhari. Kosa lenye asilimia 40 kwenye mashine nzuri linaweza kuwa mikroni 2, halistahili kufunguliwa hata bolti moja. Soma mikroni kwanza. Pia haikutajii jina la sehemu iliyochakaa. Ikisema X ina ulegevu, bandika gololi ndogo kwa grisi kwenye kitundu cha katikati ya ncha ya skrubu, weka mguso bapa wa geji ya mshale juu yake, kisha sogeza mhimili mbele na nyuma. Skrubu ikitembea kwa urefu wake, ni beringi za kubeba msukumo au nati yake ya kukazia. Ikitulia huku meza ikichelewa, ni nati ya gololi inayotembea juu ya skrubu. Kuandika fidia (namba ya kusahihisha kosa) kwenye kidhibiti kabla ya uchunguzi huu ni kosa kubwa: ulegevu wa kuchakaa hubadilika kwa mahali na mzigo, namba moja haiutoshi.

Usinunue seti isiyo na kipande cha Zerodur (kioo kisichotanuka sana kwa joto) cha kuhakiki urefu. Bila hicho umbo la duara utalipata sawa, lakini ukubwa wake hautaujua.

Isichokiona: usahihi wa mwendo wote wa mhimili, ambao bado ni kazi ya leza, na spindeli, kwa kuwa imesimama muda wote wa kipimo. Grafu ikiwa safi na shimo lililotobolewa kwa kichwa cha kupanulia bado si duara, acha mihimili. Funga fimbo ya majaribio ya milimita 300, zungusha spindeli taratibu, pima mtikisiko karibu na pua kisha kwenye ncha. Halafu ingoje spindeli ipate joto la kazi, upime tena.