Dawa ya siki, mchaichai na sakafu ya mama yangu: uzoefu wangu

Nililipa shilingi 30,000 kujifunza kutengeneza dawa za kusafishia nyumba kwa siki na majani ya bustanini, na nilichorudi nacho ni duara la kijivu, la ukubwa wa kitako cha ndoo, katikati ya sebule ya mama yangu. Nimekaa na hasira hii kwa wiki kadhaa nikitumaini kwamba itapoa ili niandike kwa utulivu. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Sikwenda darasani kutafuta makosa. Mama yangu ana pumu, na kila nyumba inapopigwa deki kwa zile dawa za dukani zenye manukato makali hukohoa hadi jioni, hivyo nilipoona tangazo la darasa la siku moja hapa Tanga niliona kama nimeandikiwa mimi. Tulikuwa wanawake wapatao kumi na watano. Mwalimu alitufundisha vizuri namna ya kujaza maganda ya ndimu na malimau kwenye chupa ya kioo, kuongeza mabua ya mchaichai yaliyopondwa na karafuu chache, kumimina siki nyeupe hadi vyote vifunikwe, kuacha kwa wiki mbili, kisha kuchuja kwa kitambaa na kuchanganya na maji nusu kwa nusu. Alipomaliza aliinua chupa yake juu na kusema kwamba dawa ile inafaa kwa kila kitu ndani ya nyumba: vioo, masinki, meza na sakafu. Ni hilo neno la mwisho ndilo lililonigharimu.

Kabla hatujaachana alifanya jambo moja ambalo sasa nikilikumbuka mwili unanisisimka. Aliweka magadi kwenye beseni, akamwagia siki, povu likafura hadi likamwagika mezani, na sote tukapiga makofi. Akasema, "Mkiona povu, jueni uchafu unatoka." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari.

Nyumba ya mama ipo Ngamiani, na sakafu yake ni ya terazo, iliyomwagwa miaka ya 1970 chini ya usimamizi wa marehemu baba, nyekundu yenye mpaka mweusi ukutani. Tangu utoto wangu imekuwa ikipakwa nta na kusuguliwa kwa gunia hadi unaona kivuli chako. Siku hiyo nilimimina dawa yangu kwenye ndoo, nikaiweka katikati ya sebule, nikaanza kupiga deki kutoka kwenye kona ya dirisha. Jirani akabisha hodi, nikatoka, tukazungumza pengine nusu saa. Niliporudi niliona pembeni mwa kitako cha ndoo, mahali dawa ilipochuruzika, kuna vipovu vidogo sana vinavyopanda na kupasuka, na nikafurahi. Nilidhani ni uchafu wa miaka hamsini unaotoka. Nikaongeza dawa kidogo papo hapo, nikaiacha ikae.

Fundi wa terazo niliyemwita hakuhitaji hata kupiga magoti. Alichovya kidole kwenye maji, akakipitisha juu ya duara, na kwa muda duara likapotea kabisa, rangi ikarudi kama zamani. Mama akashukuru Mungu. Kisha maji yakakauka mbele ya macho yetu na ule ukijivu ukarudi taratibu kuanzia ukingoni. Fundi akasema, "Mama, hili si doa. Doa hukaa juu ya jiwe, hapa jiwe lenyewe limeliwa." Dawa yake ni kusagwa upya kwa mashine na maji, na hawezi kusaga duara peke yake, kwa sababu patabonyea na kung'aa tofauti na sehemu nyingine. Ni sebule nzima.

Nilituma picha kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kwa adabu, nikiomba mwalimu awatahadharishe wenzangu wenye terazo. Alijibu kwamba vitu vya asili havina madhara na kwamba nitazame sabuni nilizokuwa nikitumia zamani. Nilipoandika tena nikieleza aliyosema fundi, nikaondolewa kwenye kundi. Nikampigia simu. Sikumfokea, nilimwita mwalimu mwanzo hadi mwisho. Akaniambia, "Dada yangu, wenzako wote wanashukuru, ni wewe tu. Na sakafu yenyewe umesema ni ya kizamani." Kisha akakata.

Ya kizamani! Ndiyo, ni ya kizamani, na imevumilia watoto sita, misiba miwili na harusi nne bila kupata alama.

Ninachotaka kueleweka ni kwamba jambo hili si siri ya wataalamu. Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5 hivi, na maganda ya ndimu huongeza asidi nyingine juu yake. Terazo ni vipande vya marumaru vilivyoshikwa na saruji, na marumaru ni jiwe la jamii ya chokaa, ambalo asidi hulila na kutoa gesi. Lile povu nililolifurahia lilikuwa sakafu ya baba yangu inayeyuka. Watu wa Tanga tuna mapango ya Amboni nje kidogo ya mji, yaliyochimbwa na maji yenye asidi hafifu ndani ya mawe hayo hayo ya chokaa, na watoto wa shule hupelekwa kuyatazama. Na lile povu la kwenye beseni lililotupigisha makofi halikusafisha chochote: siki na magadi vinapokutana huuana, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi.

Hata hivyo nitakuwa sijatenda haki nikiishia hapo. Birika la umeme la mama, ambalo maji ya kisima yalilijengea magamba meupe hadi likawa linachelewa kuchemka, nililijaza siki na maji nusu kwa nusu, nikachemsha na kuacha lipoe, na magamba yakabanduka kama maganda ya yai. Koki ya bafuni imerudi kung'aa. Vioo vya madirisha, ambavyo upepo wa bahari huviachia ukungu wa chumvi, nilivifuta kwa dawa ile na gazeti kuukuu na sijawahi kuviona vikiwa vile. Nyumba ilinukia mchaichai na mama hakukohoa hata mara moja. Magamba ya birika ni chokaa vilevile, kwa hiyo kilicholiokoa birika ndicho kilichoila sakafu, na mwalimu aliyejua la kwanza alipaswa kulijua la pili. Lakini dawa ni nzuri. Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kuwaambia msiende kwenye darasa hili, na sasa naona siwezi kusema hivyo kwa moyo mmoja, maana bila darasa lile nisingeijua.

Isipokuwa nimekumbuka jambo jingine, na sasa narudi nilikoanzia: msiende. Dada mmoja aliyeketi nyuma aliuliza kama anaweza kuongeza jiki kidogo kwenye dawa hii kwa ajili ya choo, na mwalimu, akiwa anafunga chupa zake, alijibu, "Ongeza tu." Jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu, na vyoo vyetu vingi ni vyumba vidogo vyenye kidirisha cha kiganja. Mtu mwenye pumu kama mama yangu akijifungia humo anapiga deki, anaweza kupoteza uhai wake.

Shilingi 30,000 zangu sizidai tena, na gharama ya kusaga sebule tutachangiana na ndugu zangu. Ninachodai ni kurudishwa kwenye lile kundi kwa dakika tano tu. Yule dada aliyeuliza habari ya jiki simjui jina, na humo hakuwahi kuandika neno.