Golf 7 ya 1.2 TSI: kilomita 21 kwa lita za Japani, na zile ninazozipata Nairobi

Karatasi ya Japani ya gari langu, Volkswagen Golf yenye turbo, inasema kilomita 21.0 kwa lita. Mimi hupata 9.5 hadi 10.5 kwenye foleni za Nairobi, 12.5 hadi 13 wiki ikichanganya mji na Thika Road usiku, na 17 hadi 19 safari ndefu nikishikilia 90 hadi 100. Gari ni lilelile, tairi zilezile, dereva yuleyule. Kwa hiyo mtu akikuuliza "Golf ya turbo inakula aje?" ukamjibu kwa nambari moja, umemdanganya hata kama nambari yenyewe ni ya kweli.

Kwanza namna ninavyopima, maana mabishano mengi ya mafuta ni mabishano ya vipimo. Najaza mpaka bomba likate lenyewe mara ya kwanza, narudisha kihesabu kilomita sifuri, natembea mpaka tangi lipungue chini ya nusu, kisha narudi kituo kilekile, pampu ileile, nasimama upande uleule. Kilomita 412 ukigawanya kwa lita 32.6 unapata 12.6. Kompyuta ya dashibodi katika tangi hilohilo husoma 13.3 hivi, yaani inajipendelea kama asilimia tano. Tangi moja halitoshi. Chukua wastani wa matatu. Na usimruhusu mhudumu aendelee kubonyeza ili afikishe shilingi kamili, kwani mafuta yakifurika huingia kwenye kopo la mkaa linalonyonya mvuke wa tangi, na kopo hilo likilowa umejinunulia tatizo.

Injini yenyewe ni cc 1,197, silinda nne, nguvu farasi 105, na msukumo wa Nm 175 unaoanzia mizunguko 1,400 tu hadi 4,000. Msukumo huo ni wa injini ya 1.8 isiyo na turbo. Ujanja wake uko hapa: ukitembea pole, injini ndogo ina msuguano mdogo na haihangaiki kunyonya hewa kupitia mlango uliofungwa nusu, kwa hiyo inakula kidogo kweli. Ukikanyaga, turbo (feni inayozungushwa na turbini iliyo kwenye njia ya moshi) inasukuma hewa ya ziada ndani, na kila gramu 14.7 za hewa zinadai gramu moja ya petroli. Hakuna hewa ya bure. Ukizidi kukanyaga, mambo mawili huongezeka juu ya hapo: kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge (yaani petroli isilipuke ovyo ndani ya silinda), na mzigo ukiwa mzito sana inamwaga petroli ya ziada ili kupoza moshi kabla haujaifikia turbini. Petroli hiyo haisukumi gari hata hatua moja.

Hili unaweza kuliona kwa macho. Kifaa cha OBD (kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari) cha bei nafuu na programu ya simu vitakuonyesha shinikizo la hewa ndani ya manifoldi ya kuingizia, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, kwa kilopaskali (kPa). Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, hewa ya nje ina kama kPa 82 au 83. Mombasa ni 101. Injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa, utasoma nambari hiyo ya nje. Ukitembea 80 kwenye tambarare inashuka kama 50, turbo inazunguka tu bila kazi. Ukipita lori hupaa ikavuka 150. Mpaka wangu ni ile 83: muda mwingi wa safari ukiwa chini yake, gari linakaribia sifa zake, muda mwingi ukiwa juu yake, una injini ya 1.8 yenye ulaji wa 1.8 na zaidi kidogo. Mazoezi ya siku mbili ukiitazama nambari hiyo (abiria aitazame, si wewe uliyeshika usukani) yatakufunza mguu kuliko kitufe cha Eco.

Ndiyo maana 21.0 ya Japani haishangazi. Ni kipimo cha JC08: kilomita 8 na kitu ndani ya maabara, wastani wa kilomita 24.4 kwa saa, kilele 81.6, bila mlima, bila AC. Kwenye mtihani wa namna hiyo turbo imelala karibu muda wote. Magari ya zamani kidogo yalikuja na nambari ya 10-15, mtihani mlegevu zaidi ulioishia kilomita 70 kwa saa, kwa hiyo usilinganishe nambari za mitihani miwili ukadhani la zamani ndilo linalobana mafuta. WLTP, iliyochukua nafasi ya kipimo cha zamani cha Ulaya kuanzia 2017, hufika kilomita 131 kwa saa na iko karibu zaidi na barabara.

Foleni ni hesabu nyingine. Injini ikinguruma gari limesimama na AC iko wazi, hesabu kama lita 0.7 kwa saa. Chukua jioni ya kilomita 24 kwa saa mbili, nusu ya muda huo umesimama: lita 0.7 zimeteketea hapo hapo, na kilo 1,200 na ushei za gari zimeondoshwa kutoka sifuri mara mia na zaidi. Jumla ni lita 2.4, yaani kumi kwa lita. Turbo haina cha kukusaidia hapo. Toyota IST ya 1.5, isiyo na turbo na nyepesi zaidi, inalingana nayo mjini au inaishinda kidogo. Barabara kuu ndipo Golf inapoiacha. Kama maisha yako yote ni nyumbani, ofisini, shuleni, na rudi, usinunue turbo kwa ajili ya mafuta. Nunua haibridi, au nunua Golf kwa sababu unapenda inavyotulia barabarani, nayo ni sababu halali kabisa.

Gia zake saba za DSG (gia otomatiki za Volkswagen) hutumia klachi kavu mbili. Kutambaa nyuma ya matatu sentimita kwa sentimita kunaisugua klachi na kuipasha moto, halafu kunakula mafuta vilevile. Acha nafasi ya gari mbili, kisha songa mara moja na breki uiachie kabisa. Watu watajipenyeza mbele yako, ndiyo Nairobi hiyo. Mfumo wa kuzima injini ukisimama unasaidia kweli kwenye taa ndefu, lakini unadai betri ya EFB au AGM, aina zinazohimili kuwasha injini mara nyingi. Ukifungiwa betri ya kawaida, mfumo utagoma kufanya kazi au betri itakufa mapema, na hapo ulichookoa kwenye petroli umekilipa dukani. Safari fupi za kilomita tatu nne asubuhi za Julai ndizo mbaya kuliko zote: injini baridi inalishwa mafuta mengi, na kabla haijapata joto umeshafika. Nane kwa lita, wala si ugonjwa.

Sasa Mombasa Road, ambako watu hudanganyana bila kukusudia. Kwenda Mombasa unashuka takriban mita 1,700. Gari na watu wake, tuseme kilo 1,500; kuinua uzito huo mita 1,700 ni megajuli 25. Lita ya petroli ina megajuli 32, na injini hii barabarani inageuza kama asilimia 30 kuwa kazi. Hiyo ni lita 2.6 za kupanda tu, na kushuka unarudishiwa sehemu yake. Kwa kilomita 480 nilizozipima, kushuka hutumia lita 25 hadi 26, kurudi 29 hadi 30. Anayejitapa "nilipata 19" muulize alikuwa anaelekea wapi. Wastani wa kwenda na kurudi ndio wa kuaminika.

Kasi nayo. Upinzani wa upepo unakua kwa mraba: 120 ukilinganisha na 90 ni karibu mara 1.8. Kwangu 90 inatoa 19, 100 inatoa 17, 120 inatoa 14. Kinachoua zaidi ni kupita malori moja moja kwa kukanyaga mpaka chini, kisha kufunga breki nyuma ya jingine. Kwenye miinuko ya Salama gari likiwa limejaa, usilizuie lisishushe gia. Injini ndogo ya turbo ikilazimishwa kuvuta mzigo mzito kwa mizunguko 1,500 ndipo inapokaribia kugonga na ndipo cheche zinapocheleweshwa. Mizunguko 2,500 kwenye mlima hula kidogo kuliko unavyodhani. Ukishuka, liache kwenye gia na mguu uuondoe: petroli inakatwa kabisa, ilhali ukiweka N injini inaendelea kula ili isizime.

Fungua kifuniko cha tangi. Kibandiko cha Kijapani kinasema petroli ya daraja la juu, na cha Ulaya kinasema RON 95, yaani kipimo cha oktani, uwezo wa petroli kuvumilia shinikizo bila kugonga. Pale pale pana jedwali la upepo wa tairi, watu hulipita bila kulisoma. Mafuta ya oktani ya juu kwangu yameongeza kama kilomita 0.5 kwa lita kwenye safari yenye miinuko, na kwenye foleni hakuna tofauti ninayoweza kuipima. Hesabu yake ni nyepesi: yakiwa ghali kwa asilimia 8, yakupe kilomita zaidi kwa asilimia 8, la sivyo unalipia kinga ya injini tu. Usije ukaambiwa kwamba mwinuko wa Nairobi unafuta haja ya oktani. Kwa injini isiyo na turbo kuna ukweli ndani yake. Turbo inairudisha ile hewa iliyopungua, na shinikizo likarudi nalo.

Ulaji ukipanda ghafla, mimi huanza na thamostati, kwa sababu geji ya joto ya dashibodi si mkweli. Imetengenezwa itulie kwenye 90 hata maji yakiwa 77 au 105. Soma joto kwa OBD: likikaa 70 kwenye barabara kuu baada ya nusu saa, thamostati imekwama wazi na kompyuta inalisha injini kana kwamba bado ni baridi. Baada ya hapo, plagi. Hewa ikishinikizwa, cheche inahitaji umeme mkali zaidi kuruka, kwa hiyo plagi iliyochoka hufanya vizuri mjini na kukosakosa mlimani tu. Kisha hozi kati ya turbo na injini. Ukisikia mluzi au pumzi inayovuja unapokanyaga, hewa iliyokwisha shinikizwa inapotelea nje. Breki inayobana utaijua kwa kugusa rimu baada ya safari: moja ikiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, umeipata.

Oili isipungue kiwango cha VW 502 00, kama lita 4 na filta yake, na mimi huibadilisha kila kilomita 7,500 bila kusubiri taa. Petroli inapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda, haioshi vali za kuingizia, hivyo mvuke wa oili hugandia pale mwaka baada ya mwaka. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki huko. Ni kufungua manifoldi na kusafisha kwa unga wa maganda ya jozi, au kwa mkono.

Ukienda kununua, omba injini iwe baridi, chomeka OBD, na baada ya kuendesha mpaka ipate joto soma marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Kati ya −5 na +5 ni sawa. Ikizidi +10, kuna hewa inayoingia kwa njia za panya au mafuta hayafiki ya kutosha, na muuzaji ashushe bei au atengeneze kabla hujatoa pesa.