Kifurushi cha tamthilia: picha safi, mwanamke wa aina moja

Kifurushi cha tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambacho familia nyingi za Unguja na Pemba hukilipia kila mwezi ili kutazama kupitia king'amuzi, kina picha safi na lugha inayoeleweka hata kwa bibi zetu. Kasoro yake kubwa ni namna kinavyomchora mwanamke. Katika hadithi moja baada ya nyingine, mwanamke mwema ni mweupe wa ngozi, hulia kimya na husamehe kila kitu, ilhali mwenye kazi na kauli yake ndiye anayetia sumu katika chai ya mke mwenziwe. Wasichana wetu huketi jamvini wakitazama, kisha huulizana bei ya krimu za kung'arisha uso, jambo ambalo linanisikitisha mno. Visiwa hivi ndivyo vilivyomtoa Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928 na kuimba waziwazi juu ya dhuluma walizotendewa wanawake. Kwa mwenye binti wa miaka 13, ningependekeza kifurushi hiki iwapo tu mzazi ataketi naye na kuzijadili hadithi hizo.