Gauni la Tudor: la kuvaa mwenyewe au la mwanasesere?
Mavazi ya Uingereza ya zama za Tudor, ukoo wa kifalme uliotawala 1485–1603, unaweza kujishonea mwenyewe, au ukamshonea mwanasesere.

La mtu mzima linakula kitambaa, na mfuko pia. Ndani ni shimizi ya kitani, halafu vazi la kubana kiwiliwili, ndipo lije gauni la sufu au mahameli, mikono yake ikishikizwa kwa pini au kamba.

Mwanasesere anatosheka na vipande vilivyobaki mezani kwa fundi. Ila kitambaa hakipungui unene eti kwa sababu mvaaji ni mdogo! Wangu wa sentimita 30 nilimshonea mahameli. Pindo likasimama kama zulia, mikono ikagoma kukunjika. Nikafumua yote, nikaweka hariri nyepesi, ikatulia.

Kola ya marinda ya enzi za Malkia Elizabeth I ni kazi kotekote: kubwa inataka wanga na subira, ndogo inataka kibano na macho makali.

Anayeanza namshauri mwanasesere, maana akikosea hasara ni ndogo. Lakini kama unakwenda kuigiza historia, mwanasesere hawezi kukufundisha kupanda ngazi ukiwa umebeba uzito wote ule kiunoni.