Kwa Nini Niliiuza Lenzi Yangu ya Milimita 600

Kwa miaka mitatu nilisafiri na zumu (lenzi inayoweza kuvuta taswira karibu au kuirudisha mbali) ya milimita 150 hadi 600, yenye uzito wa karibu kilo mbili, iliyofungwa kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi kikubwa cha kupokea mwanga, na muda wote huo niliamini kwamba picha zisiponiridhisha kasoro ilikuwa yangu. Nilibadili mawazo siku nilipoketi na kuzikagua picha zote nilizokuwa nimezihifadhi. Kamera huandika ndani ya kila faili urefu wa lenzi uliotumika (zile milimita, ambazo zikiongezeka huvuta karibu zaidi), kasi ya shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga), kiwango cha ISO (wepesi wa kamera kuuhisi mwanga), tarehe na saa, na programu nyingi za kuhariri picha huweza kuzipanga picha kwa vigezo hivyo. Nilipozipanga niligundua mambo mawili. La kwanza ni kwamba picha nilizozipenda zilijazana kati ya milimita 200 na 400, ilhali nyingi za milimita 600 zilikuwa za wanyama walio mbali mno, zimelainika kana kwamba zimepigwa kupitia mvuke. La pili liliniuma zaidi: kulikuwa na siku nzima za safari ambazo hazikuwa na picha hata moja, nami nilizikumbuka vizuri siku hizo. Ndizo siku nilizoiacha lenzi chumbani kwa sababu bega lilikuwa linauma.

Niliiuza. Mahali pake nilichukua zumu ya milimita 100 hadi 400, ambayo kwenye urefu wake wa mwisho hufunguka hadi f/5.6 (namba hii ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga huingia kwa wingi), nikaifunga kwenye kamera ndogo isiyo na kioo cha kuakisi ndani yake, yenye kihisi kidogo cha aina ya APS-C. Vyote viwili kwa pamoja havifikii kilo mbili, yaani ni vyepesi kuliko lenzi ya zamani peke yake. Sitazitaja kampuni, kwa kuwa nitakayoyasema, mema na mabaya, yanahusu aina hizi za vifaa kuliko nembo iliyochapwa juu yake. Nimevitumia kwa mwaka mmoja na nusu.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni kama sikujinyima umbali. Jibu linahitaji hesabu kidogo. Kihisi cha APS-C ni kidogo kuliko cha fremu kamili, kwa hiyo huchukua sehemu ya katikati tu ya taswira inayotupwa na lenzi. Kwa kamera za Nikon, Sony na Fujifilm kizidisho, yaani namba ya kuzidishia urefu wa lenzi ili kuulinganisha na fremu kamili, ni 1.5, na kwa Canon ni 1.6. Lenzi ya milimita 400 juu ya kihisi kama hicho hutoa upana wa mwono ulio sawa na wa milimita 600 au 640 kwenye fremu kamili, na kwenye mfumo wa Micro Four Thirds, wenye kihisi kidogo zaidi ambacho kizidisho chake ni 2, hufikia 800. Wauzaji hupenda kuishia hapo. Ukweli ni kwamba kihisi kidogo hakimsogezi mnyama karibu hata kwa hatua moja, bali hukata kingo za picha. Mwenye kamera ya fremu kamili ya megapikseli 45 anaweza kukata mwenyewe kwa kiwango hicho cha 1.5 akabaki na megapikseli 20, kiasi kisichopungua sana kile ambacho kamera nyingi za APS-C hutoa tangu mwanzo. Faida niliyoipata mimi ni ya uzito na ya ukubwa wa mkoba, nami niliilipia kwa mwanga: eneo la kihisi cha fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, na la APS-C ni takriban 23.5 kwa 15.6, chini ya nusu. Kuanzia ISO 6400 naiona tofauti hiyo bila kuitafuta, kwa maana chengachenga huanza kula manyoya ya ndege, hasa kwenye vivuli.

Suala la mwanga ndilo ningependa ningelielewa kabla sijanunua chochote. Wanyama wengi huchangamka alfajiri na jioni, wakati ambapo lenzi nyepesi hutaabika zaidi. Ndege anayeruka huhitaji shata ya 1/2000 ya sekunde hivi, na hata swala anayetembea polepole hunitoka nikiteremka chini ya 1/500. Kutoka f/4 hadi f/5.6 ni stopu moja, maana yake nusu ya mwanga, na hiyo nusu lazima ilipwe kwa shata ya polepole au kwa ISO iliyopandishwa mara mbili. Lenzi ya milimita 400 yenye f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya ile yangu, na picha zake za machweo sina namna ya kuziiga, lakini uzito wake ni karibu kilo tatu na ukubwa wake humaliza nafasi ya mkoba kabla hujaweka hata shati. Kizuia mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi, ambacho matangazo hukisifu mno, hutuliza mkono wangu tu. Mnyama akigeuza shingo hakina msaada wowote. Nimeshawahi kumpiga bundi aliyetulia kwa 1/60 nikapata picha safi, na sekunde chache baadaye, kwa mipangilio ileile, nikapata wingu la kahawia kwa sababu aligeuka kunitazama.

Kuhusu zile picha zilizoonekana kupigwa kupitia mvuke, niliilaumu lenzi ya zamani isivyo haki. Jua likishapanda, ardhi huipasha moto hewa iliyo juu yake, hewa hiyo hupanda kwa mawimbi na kuupinda mwanga kabla haujafika kwenye kamera. Kadiri mnyama alivyo mbali ndivyo hewa ya katikati inavyokuwa nyingi, na hakuna lenzi, hata iwe ya thamani gani, inayoweza kulirekebisha hilo. Tangu nilipolielewa, saa za mchana nazitumia kwa vitu vilivyo karibu: vipepeo, nyuki, nyayo kwenye tope. Zumu yangu huweza kufokasi (kukionyesha wazi) kitu kilicho umbali wa chini kidogo ya mita moja, na ndiyo sifa niliyoipuuza kabisa wakati wa kununua, ilhali sasa siwezi kununua lenzi nyingine bila kuiulizia.

Kamera yenyewe nimeipenda kwa jambo moja kubwa, nalo ni uwezo wa kulitambua jicho la mnyama na kuling'ang'ania. Zamani nilikuwa nikihangaika na kijiboksi cha fokasi huku ndege amekwisha kuhama tawi. Sasa macho yangu yana nafasi ya kuangalia mandhari ya nyuma na mkao wa kichwa. Hata hivyo, nyasi ndefu huichanganya, na mara nyingi huchagua jani lililo mbele ya pua ya mnyama kwa ukaidi wa ajabu.

Dosari yake kubwa iko kwenye shata ya kielektroniki. Ni kimya kabisa, jambo ambalo wanyama waoga hulihitaji, lakini kihisi chake huisoma picha mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini, na kitu kiendacho kasi huwa kimekwisha kusogea kabla mistari ya mwisho haijasomwa. Mdiria niliyemvizia asubuhi nzima alitoka na mabawa yaliyopinda kama majani yaliyonyauka. Kamera zenye vihisi vya tabaka, ambavyo husoma kwa kasi kubwa, zimelipunguza tatizo hili kiasi kwamba Nikon Z9, iliyotoka mwaka 2021, haina shata ya mitambo hata kidogo; na Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, huisoma picha nzima kwa mpigo mmoja. Hizo ni kamera za daraja jingine kwa bei na kwa uzito. Mimi hubadilisha tu nikarudi kwenye shata ya mitambo, nikavumilia mlio.

Kadi za kumbukumbu zilinipa somo la haraka. Nikipiga fremu 15 kwa sekunde kwa mafaili ya RAW, yaani picha ghafi zisizobanwa kuwa JPEG, ya takriban megabaiti 30 kila moja, sekunde mbili ni karibu gigabaiti nzima, na kamera hunyamaza hadi imalize kuandika. Alama ya V30, V60 au V90 kwenye kadi ni kasi ya chini ya kuandika inayohakikishwa, kwa megabaiti kwa sekunde. Nilipotoka V30 kwenda V60 kungoja kulipungua waziwazi.

Kwa upande wa safari yenyewe, betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege, hivyo hukaa nami kwenye mkoba wa mkononi zikiwa zimefunikwa ncha zake. Nabeba tatu, kwa sababu kamera zisizo na kioo huendesha skrini muda wote na hula umeme kuliko zile za zamani zenye kioo. Tripodi siibebi tena. Mfuko mdogo wa kitambaa, ambao husafiri mtupu na kujazwa maharage au mchanga nikifika, huitegemeza lenzi juu ya dirisha la gari au ukuta vizuri kuliko nilivyotarajia. Pamoja na zumu nachukua lenzi moja ya milimita 35 yenye f/1.8, kwa watu, vyumba na mitaa ya usiku. Ni ndogo kiasi kwamba huisahau mfukoni.

Lawama iliyobaki ni kwamba zumu yangu hurefuka inapovutwa, na kila inaporudi huvuta vumbi ndani. Lenzi za milimita 600 ambazo umbo lake halirefuki huepuka hilo. Nilinunua pia telekonveta ya 1.4, kipande kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, inayoifanya 400 kuwa 560 kwa kupoteza stopu moja, na kunifikisha f/8. Nimeitumia mara nne, zote saa sita mchana, zote kwa ndege waliokuwa ng'ambo ya maji, na picha moja tu kati ya hizo imesalia. Naifikiria kuiuza nayo, ila gramu zake ni chache, kwa hiyo bado haijaniudhi vya kutosha.