dgVoodoo 2 kwenye Windows 10 na 11: uzoefu wangu na magemu ya zamani

Kwa magemu ya 3D ya Windows yaliyotoka kati ya 1997 na 2004 hivi, sijaona programu ya bure inayoishinda dgVoodoo 2. Naipa nyota 4 kati ya 5. Wengi wanaoilalamikia wanaidai kazi isiyo yake: inashughulikia picha tu. Kisakinishi kikigoma au CD isipotambuliwa, hapo haihusiki.

Kazi yenyewe ni ukalimani. Gemu la zamani huongea na kadi ya michoro kwa Glide, lugha ya kadi za kampuni ya 3dfx, au kwa DirectDraw na Direct3D za matoleo ya mwanzo. Kadi za leo hazijui Glide kabisa, na Direct3D ya zamani zinaipokea shingo upande, ndipo unapopata skrini nyeusi, rangi mbovu au gemu kujifunga lenyewe. dgVoodoo inayadaka maombi hayo yote, hadi ya DirectX 9 (DirectX ni familia ya DirectDraw na Direct3D), na kuyageuza kuwa Direct3D 11 au 12. Hata laptopu ya mtumba inayotegemea michoro ya Intel iliyo ndani ya prosesa inatosha, mradi iwe inaelewa DirectX 11.

Haina kisakinishi. Unapakua zip kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, anayejiita Dege, kwenye tovuti yake au GitHub, kisha unaifungua. Usiende kuokota DLL (faili za msaada ambazo gemu huziita) mojamoja kwenye tovuti zinazogawa DLL za kila aina. Hujui umepewa nini. Antivirusi huweza kuishuku hata zip halali, kwa sababu faili linalojipenyeza kati ya programu na Windows linafanana kitabia na kirusi.

Ndani ya zip kuna folda ya MS na ya 3Dfx, na kila moja ina x86 na x64. Hapa ndipo watu wanapokwama. Mtu ana Windows ya biti 64, anachukua x64, gemu linakataa kufunguka na kutoa kosa 0xc000007b. Kinachoangaliwa ni biti za gemu, si za Windows, na magemu ya enzi hizo ni ya biti 32. Chukua x86.

Gemu la DirectX 7 kurudi nyuma linahitaji DDraw.dll na D3DImm.dll. La DirectX 8 linahitaji D3D8.dll, na la 9 ni D3D9.dll. Usipojua ni lipi, nakili zote nne. Zikae folda moja na .exe inayoendesha gemu lenyewe, si ile ya kianzishi. Kwenye Splinter Cell, kwa mfano, hiyo .exe imo ndani ya folda ya system; ukibandika DLL folda ya juu yake, hakuna kitakachobadilika. Kama nakala yako ni ya GOG, duka la magemu la mtandaoni, angalia kwanza kama tayari ina ddraw.dll yake, maana baadhi huja nayo; ibadilishe jina badala ya kuifuta. Pia zima chochote ulichowasha kwenye kichupo cha "Compatibility" cha .exe, kwa kuwa Windows ikishaweka tabaka lake, DLL yako inaweza kurukwa.

Nakili na dgVoodooCpl.exe kwenye folda hiyohiyo, ifungue, bonyeza kitufe chenye alama ".\" ili mipangilio ihifadhiwe hapo kwa gemu hilo peke yake. Mipangilio mingi iache ilivyo. Mimi hugusa michache. "Scaling mode" naiweka "Stretched, Keep Aspect Ratio", la sivyo picha ya 4:3 inavutwa kujaza skrini pana na kila mtu ananenepa. Kumbukumbu ya kadi inakuja ikiwa MB 256. Gemu la kabla ya 2000 likilalamikia kumbukumbu, shusha hadi 64, kwani baadhi huchanganyikiwa yakiambiwa kadi ina kumbukumbu nyingi. Kwenye Intel ya kawaida usivuke 1080p, na antialiasing (kulainisha kingo za picha) ya 2x inatosha. Alama ya dgVoodoo inayotokea pembeni mwa skrini usiizime siku ya kwanza: ndiyo ushahidi kwamba DLL imeshika. Isipoonekana, hakuna haja ya kuhangaika na mipangilio. Rudi kwenye swali la folda na biti.

Kikomo cha fremu kimefichwa. Bonyeza kulia ndani ya dirisha la mipangilio, chagua kuonyesha sehemu zote, utakuta "FPSLimit". Magemu mengine yamefunga mwendo wake kwenye idadi ya fremu, kwa hiyo kwenye mashine ya leo magari yanaruka kama panzi. Anza na 60, kisha 30. Kuficha kitu muhimu kiasi hiki ndiko kulikoila ile nyota ya tano.

Inapong'ara hasa ni Splinter Cell: Pandora Tomorrow ya 2004. Vivuli vyake viliandikwa kwa uwezo maalumu wa kadi za GeForce za wakati ule, kwa hiyo kwenye kadi za sasa vinaharibika au kutoweka, na gemu zima ni la kujificha gizani. Kwenye kichupo cha DirectX, mahali pa kadi ya kuigizwa, chagua GeForce4 Ti 4800. Vivuli vinarudi. Diablo II nayo inatumia Glide: weka Glide3x.dll kutoka folda ya 3Dfx, kisha ongeza -3dfx mwishoni mwa njia ya mkato.

Kwa 2D kama Age of Empires II ya 1999 au Red Alert, naiacha dgVoodoo na kutumia cnc-ddraw, ambayo nayo ni ya bure. Magemu haya yanatumia rangi 256 tu. Windows ikiingilia orodha ya rangi hizo, nyasi zinageuka zambarau na maji mekundu. cnc-ddraw inalimaliza hilo, na mwendo unarekebishwa kwa "maxgameticks" ndani ya ddraw.ini. Zote mbili hutumia jina ddraw.dll, kwa hiyo folda moja haiwezi kuzibeba pamoja. Kwenye Linux, iambie Wine, inayoendesha programu za Windows huko, itumie ddraw ya folda: WINEDLLOVERRIDES="ddraw=n,b".

Sasa yale yasiyoihusu. Kisakinishi cha biti 16 hakifunguki kwenye Windows ya biti 64, jaribu otvdm, inayoendesha programu za biti 16. CD zenye SafeDisc, kinga dhidi ya kunakiliwa, hutegemea dereva secdrv.sys, ambayo Windows 10 haiibebi, na kwenye matoleo ya nyuma yake ilizimwa na sasisho KB3086255 la Septemba 2015 kwa sababu za usalama. Usiirudishe kwa nguvu. Nunua nakala isiyo na kinga. Gemu likidai DirectPlay, sehemu ya zamani ya DirectX ya kucheza kwa mtandao, iwashe kwenye vipengele vya Windows, chini ya "Legacy Components". Likishindwa kuhifadhi ulipofika, litoe Program Files ulipeleke C:\Michezo. Na muziki ukikosekana, huenda ulikuwa nyimbo za sauti ndani ya CD yenyewe, ambazo faili la ISO halizibebi. Tengeneza nakala ya BIN na CUE, au tumia ogg-winmm, inayocheza nyimbo hizo kutoka faili za OGG badala ya CD.